Kikao cha kumuuguza mjomba

Mjomba aliporudi Tanga kutoka Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, alikotibiwa mshtuko wa moyo, mshipa wa moyo ukiwa umezibuliwa na kuwekewa stenti, kijibomba cha waya cha kuuacha wazi, nyumba ilijaa watu tangu asubuhi hadi baada ya isha. Kila aliyeingia alitaka kusimuliwa upya maumivu yalivyoanza. Kila aliyeaga aliacha neno lile lile: "Pumzika, usijichoshe." Haukupita muda mjomba akawa haruhusiwi hata kujichotea maji ya kunywa. Akaanza kununa, na usiku akawa anashtuka akidhani moyo umesimama.

Dada yake, mama mkubwa wetu, muuguzi mstaafu, ndiye aliyeitisha kikao barazani. "Mnampenda, nashukuru," alisema. "Lakini mnamlaza. Moyo ni msuli. Usipofanya kazi unalegea."

Alianza na dawa. Aspirini miligramu 75 na klopidogreli miligramu 75, za kuzuia damu isigande, kila asubuhi, atovastatini, ya kupunguza lehemu, usiku, na nyingine kama zilivyoandikwa. Stenti ni waya, na damu hupenda kugandia juu yake mpaka utando wa mshipa uifunike. Wengi huacha klopidogreli wakijiona wamepona, au pesa ikiwaishia, na hapo mshipa unaweza kuziba ghafla. Daktari wake alikuwa ameandika miezi 12. Kwa hiyo badala ya kumletea soda na mikate, kila nyumba ilichukua mwezi wake wa dawa, pesa itumwe kwa simu vidonge 7 vikiwa bado vimo kwenye boksi.

Jirani alikuwa amekwishaleta diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa ajili ya goti la mjomba. Mama mkubwa aliirudisha kwa adabu: inaongeza hatari ya mshtuko mwingine wa moyo, na ikikutana na aspirini na klopidogreli tumbo linaweza kuvuja damu. Goti likiuma, parasetamoli.

Jambo lililochukua muda mrefu zaidi ni matembezi. Mke wa mjomba alikuwa anaogopa kweli, na hofu ile haikuondoka kwa kuambiwa "usiogope". Ikabidi aelezwe hatua kwa hatua. Dakika 5 asubuhi na 5 jioni, njia tambarare, jua likiwa limepoa, na si chini ya saa moja baada ya kula. Kila siku kadhaa waongeze dakika moja au mbili, mpaka afike dakika 30. Anayemsindikiza azungumze naye njiani: akiweza kujibu sentensi nzima bila kuhema, mwendo unafaa, akikata maneno, wapunguze. Kifua kikibana, kichwa kikizunguka au jasho baridi likitoka, wasimame, aketi. Aweke kidonge cha nitrogliserini, dawa ya kutanua mishipa ya moyo, chini ya ulimi, asikimeze. Zikipita dakika 5 maumivu yangalipo, ni hospitali moja kwa moja, bila kumpigia shemeji wala kusubiri asubuhi. Mpwa mwenye bajaji akapewa kazi ya kutozima simu usiku. Kichupa cha vidonge hivyo kikawekwa mahali pamoja panapojulikana, kifuniko kikazwe, mbali na jua, maana joto na mwanga huviua nguvu.

Jikoni hakukuwa na ubishi mkubwa: chungu kimoja cha wote, ng'onda na papa mkavu viondoke, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu vifanye kazi ya chumvi, tui la kwanza lipungue. Kumpikia peke yake kungemfanya mgeni nyumbani kwake.

Wageni walipewa muda kati ya alasiri na magharibi, wawili wawili. Mama mkubwa alituonya pia tusiite huzuni ya mjomba kukosa imani. Takriban mgonjwa 1 kati ya 5 hupatwa na sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, baada ya mshtuko wa moyo, na mwenye sonona huacha dawa na mazoezi. Ikifika wiki mbili mjomba hali chakula vizuri, hapati usingizi, hataki watu, daktari aambiwe kliniki.

Rafiki wa mjomba wa kucheza bao akauliza kama wataruhusiwa kucheza. "Mcheze, tena leo," alijibiwa, "ila sigara isiwashwe barazani, moshi wa mwenzake nao hugandisha damu." Ndiye aliyejitolea kumsindikiza asubuhi, na mjomba akamwambia asichelewe, yeye atakuwa tayari kabla jua halijakaza.