Madam, back si mgongo?

Nimerudi home miguu vumbi tupu, ngoja niandike kabla sijalala.

Iko hivi. Jumatatu niliwatega Fom Wani, nikaandika ubaoni sentensi ya ajabu niliyoitunga kwenye daladala, The blick was trazzing a dorn in the flub, halafu maswali mawili, blick was trazzing what? Where? Mikono juu darasa zima. "A dorn, madam!" "In the flub, madam!" Vema, vema. Haya, blick ni nini? Kimya, mmoja akajaribu, ni aina ya ndege. Jamani hayo maneno hayapo popote, nimeyatunga mie! Ila kwenye mtihani wangepata maksi zote, maana wanachofanya ni kuvizia neno la kwenye swali, wakilikuta kwenye pasej wanakopi kilicho jirani yake. Siwalaumu, shule ya msingi yote wamesoma kwa Kiswahili, wakavuka geti la sekondari wakakuta baiolojia Kiingereza, jiografia Kiingereza.

Basi leo ile pasej ya kitabu ya treni za London nikaiacha. Nikaandika yangu, watu wanapanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, nikaikatakata na mkasi, kila kundi bahasha yake, wapange. Geti, kisha kambi za kulala, Mandara, Horombo, Kibo, kuondoka usiku wa manane, kilele cha Uhuru mita 5,895, kushuka. Maswali hakuna. Na kubishana kwa Kiswahili ruksa (bango la English only liko pale nje, najua kuna mtu stafu atanuna, anune tu, mtoto atabishanaje kwa lugha ambayo hata ruhusa ya kwenda chooni kaikariri).

Makelele hayo! Sasa kulikuwa na kikaratasi kimoja cha mtego, They were too tired to talk when they got back to Horombo. Karibu wote wamekibandika baada ya Mandara, si wameona Horombo. Kuna dogo mmoja wa nyuma, sauti yake sijaisikia tangu Januari, akakivuta akakipeleka chini kabisa. Wenzake wakamrukia. Akasema mjomba wake ni mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, anabeba mizigo ya wageni kilo 20, na siku ya kileleni hawalali Kibo, wanapitiliza mpaka Horombo, "ndo wanakuwa hoi hawaongei, kupanda mbona wanaongea." Msichana mmoja akamkazia, mjomba wako hayupo humu, tuoneshe kwenye karatasi. Wakainama kusoma upya, wenyewe, mimi nimekaa kimya nauma kalamu. Mara yule yule msichana, "Madam, back si mgongo? Wamepata mgongo Horombo?" Nikawasukumia dikshenari. Dakika kama tatu hivi, halafu yowe, wamerudi! Walishafika mwanzo!

Chuoni tulifundishwa mbinu ya kufundisha ufahamu ya watafiti Palincsar na Brown ya mwaka 1984, kutabiri, kuuliza, kufafanua, kufupisha. Nilikariri yote manne, nikajibu mtihani, nikafaulu, na sijawahi kuigusa darasani. Blick na dorn zangu hizo.

Silabasi imenipita, vipindi viwili vimeisha kwa pasej moja, na kundi la dirishani wamepoteza Mandara, naiandika upya saa hizi. Bahasha moja imebaki kwa yule dogo. Kaomba aende nayo nyumbani, mjomba kashuka juzi, anataka amsomee aone kama madam kaandika uongo.