Kumsindikiza mzee hadi Winfield

Barabara ya K-15 inatoka Wichita na kushuka kusini mashariki, inapita Derby, Mulvane na Udall, halafu inakufikisha karibu na Winfield, mojawapo ya miji ambako jimbo la Kansas limetenga makaburi ya askari wastaafu. Ni mwendo wa kama kilomita 65. Mwezi wa Juni ngano huwa imeshakomaa pande zote mbili za njia, na upepo wa huku haukutani na mlima wala msitu wa kuuzuia.

Tulikuwa tunamsindikiza mzee niliyemhudumia kwenye makao ya wazee. Alipigana Vietnam, hakuacha mke wala mtoto, na ndugu pekee aliyejitokeza ni mpwa wake wa kike aliyekuja kutoka Arizona. Usiku wa kuamkia mazishi nilikosa usingizi kwa kuhesabu watu: mpwa, mchungaji, mimi, na dada mmoja mzaliwa wa Goma ninayefanya naye zamu ya usiku. Kwetu Kenya hata mtu aliyeishi akigombana na kijiji kizima huzikwa na kijiji kizima. Kumpeleka mtu kaburini tukiwa wanne niliona ni aibu, tena aibu yetu, si yake.

Tulipofika pale mwili ulipokuwa umehifadhiwa, uwanja wa kuegesha magari ulikuwa umejaa pikipiki. Zilikuwa zaidi ya thelathini, nyingi zikiwa zile kubwa za masafa marefu, na nyuma ya kila moja imefungwa bendera. Wenyewe walisimama mistari miwili kuanzia mlangoni hadi kwenye gari la kubebea jeneza, kila mmoja na bendera yake mkononi. Wanaume na wanawake, wengi wao wazee wa rika la marehemu, fulana za ngozi zimeshonwa beji kila mahali. Mmoja alikuwa na mguu wa bandia. Jua lilikuwa kali na jeneza lilichelewa kutoka, lakini sikuona hata mmoja akitafuta kivuli. Lilipotoka, walipiga saluti ya polepole, mkono ukapanda kama unanyanyua mzigo, na hakuna aliyesema neno.

Hawakumjua. Nilimuuliza kiongozi wao, mzee mwenye ndevu nyeupe, akaniambia hivyo hivyo: hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumwona. Mpwa aliwaalika kupitia wenye nyumba ya mazishi, nao wakatumiana ujumbe. Mwiko wao wa kwanza ni kwamba hawaendi kwenye msiba wowote bila familia kuwaalika. Hawatozi hata senti, mafuta ni ya mfukoni mwao. Kabla hatujaondoka aliwakusanya, akawaeleza njia, nani azibe makutano yapi, nani abaki nyuma na gari la maji, kisha wakaomba dua.

Pikipiki zilitangulia mbili mbili, jeneza likafuata, kisha gari la mpwa, kisha letu. Nilizoea misafara ya bodaboda nyumbani, vijana wanapomzika mwenzao kwa honi, matawi ya miti na vilio hadi mtaa mzima utoke nje. Huu ulikuwa na ngurumo moja tu, nzito, isiyopanda wala kushuka. Magari tuliyokutana nayo yalisogea pembeni na kusimama. Karibu na Mulvane dereva wa lori alishuka kabisa, akavua kofia na kuiweka kifuani. Mbele kidogo, mashine ya kuvunia ngano iliyokuwa katikati ya shamba ilizimwa. Mavuno ya huku hayana subira, mvua ya mawe ya nusu saa inaweza kula kazi ya mwaka, na bado yule mkulima alizima mashine.

Mulvane ndiko jambo hili la waendesha pikipiki kusimamia mazishi lilikoanzia. Mwaka 2005, wakati vita vya Iraq vinaendelea, kanisa moja dogo la Topeka, Westboro, lilikuwa likituma watu kwenye mazishi ya askari wakiwa na mabango ya kushangilia kifo, wakidai ni adhabu ya Mungu kwa Marekani. Waendesha pikipiki wa chama cha askari wastaafu cha Mulvane waliona hawawezi kukaa kimya. Wakaenda kusimama kati ya waombolezaji na wapiga kelele, wakiwapa mgongo wale wenye mabango na kuinua bendera ili mjane asiyaone, na pale matusi yalipozidi waliwasha injini. Likakua kundi la nchi nzima, Patriot Guard Riders. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema, majaji wanane dhidi ya mmoja, kwamba sheria inalilinda kanisa lile liseme linalotaka. Sheria iseme hivyo. Mimi namheshimu zaidi aliyejibu matusi kwa kusimama tu.

Baada ya Udall dada wa Goma, aliyekuwa kimya tangu mjini, aliniambia, "Dada, mimi nilikulia kukimbia askari. Leo ninamfuata mmoja." Sikuwa na la kumjibu. Nilimshika mkono, nikaendelea kuendesha.

Winfield ibada haikufanyika kando ya kaburi bali kwenye banda la wazi. Vijana wawili wa jeshi waliikunja bendera iliyofunika jeneza, mkunjo baada ya mkunjo, mikunjo 13, wakiibana kwa viganja hadi ikabaki pembetatu ya buluu yenye nyota tu. Mmoja akapiga goti mbele ya mpwa na kumkabidhi kwa niaba ya Rais, jeshi na taifa lenye shukrani. Wazee wa hapo mjini walipiga risasi za heshima mara tatu. Kisha tarumbeta. Wapigaji halisi hawatoshi kwa mazishi yote, hivyo siku hizi askari huishika tarumbeta yenye kifaa ndani kinachotoa wimbo wenyewe. Nilijua hilo, na bado machozi yalinitoka.

Kilichonisumbua ni udongo. Jeneza hushushwa baadaye na wafanyakazi, waombolezaji wakishaondoka, kwa hiyo hakuna anayetupia hata gao moja. Nilimweleza kiongozi wa msafara kwamba kwetu huwezi kusema umemzika mtu bila kufanya hivyo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaenda kuzungumza na mfanyakazi mmoja. Tulingoja. Walipomaliza kushusha, mpwa alitupia kwanza, kisha sisi, kisha waendesha pikipiki mmoja mmoja. Mwenye mguu wa bandia aliinama kwa shida, akatupia, akasema, "Karibu nyumbani, ndugu." Ndiyo salamu wanayopeana waliotoka Vietnam, kwa kuwa wengi wao waliporudi hakuna aliyewapokea.

Kabla hawajaondoka niliuliza kama asiye na pikipiki anaweza kujiunga. Kiongozi alisema wengine huja kwa gari, na wengine hawajawahi kuvaa sare. Kinachotakiwa ni kuwahi na kuweza kusimama. Jumamosi wana mazishi mengine upande wa Derby. Dada wa Goma ameshabadilisha zamu yake, nami pia.