Irente ipande kutokea Mazinde bana

Watu wengi wa Tanga mjini wakikwambia wameenda Irente, lile jabali la milima ya Usambara, maana yake wamepanda basi mpaka Lushoto, bodaboda mpaka pale kwenye jabali, picha kadhaa, wamegeuza. Sawa, raha yao. Ila ule mlima ukitaka kuujua uanzie chini Mazinde, kwenye joto, mikonge na miba, uukwee kwa miguu.

Ondokeni alfajiri. Lile genge la mlima limeangalia machweo so asubuhi mnapanda kivulini, ila jua likishavuka utosi linalipiga lote na mawe hayashikiki. Bebeni maji ya kutosha jamani. Kijana aliyetuongoza ni Msambaa wa hukohuko juu, anapanda na kandambili huku anapiga stori, sisi na mabuti yetu tunahema. "Dada pumzika, mlima hauhami," ananiambia.

Nilipumzika penye mwamba uliokatika vizuri, nikausogelea. Mistari myeusi na myeupe imejikunjakunja, katikati ulanga unametameta, ukikwangua kwa kucha unatoka vigamba. Ile ni naisi, jiwe lililopikwa chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, baadaye sana ndo ardhi ikapasuka, upande huu ukanyanyuka na ule ukabaki chini, ndo nyika unayoiona mpaka macho yachoke. Na upepo wa bahari ukija na mvua unaimwaga mlimani, huku nyuma panabaki pakavu.

Sasa hapo ndo historia inapoeleweka. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa, alitawala akiwa Vuga, huko juu mlimani kwenye mvua na migomba. Alipofariki 1862 ukoo wake wa Kilindi ukaanza kugombana, na mwanae Semboja nguvu zake zilikuwa hapa Mazinde, kwenye ukame, watu wanashangaa alifuata nini. Bunduki! Misafara ya biashara ilipita bondeni, yeye ndo wa kwanza kukutana nayo. Vita ikawa kubwa na watu wengi sana waliuzwa utumwani, hilo huwa tunalipitia harakaharaka mno. Reli ya Wajerumani nayo ikaja kupita chinichini hivyohivyo, ikafika Mombo 1905.

Masika msijaribu, panateleza vibaya. Na kushuka magoti yanalia, sisi tulirudi kwa basi la kupitia Soni.