Alamu inalia usiku, asubuhi stata haigongi

Gari langu la mwaka 1998 lilinitesa wiki tatu. Niliambiwa ninunue betri mpya, lakini mita ilisoma volti 12.6. Betri ilikuwa nzima.

Kelele za usiku zilikwisha haraka: swichi ndogo ya boneti, inayoiambia alamu boneti likifunguliwa, ilikuwa imeota kutu (hewa ya chumvi hapa Tanga inakula chuma vibaya) na ilikuwa ikigusisha ovyo. Nikaweka mpya.

Stata ndiyo iliyonichosha. Chini ya usukani, aliyefunga alamu zamani alikata waya mnene wa kutoka kwenye swichi ya ufunguo kwenda stata, akaupitisha kwenye rilei ya miguu mitano (swichi ya umeme ambayo alamu huitumia kukata stata). Nilimwomba mke wangu ashikilie ufunguo kwenye stati huku nikipima. Upande wa kuingilia volti 12.4, upande wa kutokea 3. Umeme ulikuwa unafia humo. Alamu ikiwa imezimwa, mguu wa 30 na wa 87a (namba zilizoandikwa kwenye rilei) lazima iungane. Nilipoibandua rilei nikakuta vigusio vyeusi, vimeungua, na maungio ya nje yamesokotwa tu na kuzungushiwa utepe.

Nikachomoa hasi ya betri, nikaweka rilei mpya ya ampea 40, nikachomelea maungio kwa risasi. Waya za njano za eabegi sikuzigusa kabisa.

Wapo wanaounga ncha mbili za ule waya wa stata moja kwa moja na kuitupa rilei. Sikubaliani nao, maana mwizi naye atawasha kirahisi. Sasa ni mwezi wa tano tangu nilitengeneze, na gari linawaka kila asubuhi.