Wiki tatu, nukta moja

Nyuroni (seli za neva) za panya zilizomo kwenye inkubeta, kabati la joto la kukuzia seli, leo zimetimiza siku 14. Ukizitazama kwa hadubini, dendriti, matawi yake ya kupokea ishara, zimesukana kama wavu, lakini wakati wa kuzipima bado. Jaribio ni kuona sinapsi, viungio ambapo nyuroni hupeana ishara, zinakuwaje jeni moja ikizimwa. Sinapsi za nyuroni za hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, hukomaa kati ya wiki ya pili na ya tatu. Ukipima PSD-95, protini ya sinapsi, siku ya 8 utaona vidoa vichache vilivyofifia, utadhani ni kazi ya jeni uliyoizima, kumbe seli zilikuwa changa tu.

Anayeanza uzamivu wa nyurosayansi ya molekuli hujipangia ratiba kwa idadi ya majaribio, ilhali mwenye ratiba ni seli. Gary Banker na Maxwell Cowan walieleza ukuzaji wa nyuroni hizi za panya mwaka 1977, na hadi leo hakuna aliyeweza kuziharakisha sana.

Hesabu yake iko hivi. Upandaji mmoja ukikupa picha za nyuroni 20, hiyo ni nukta moja kwenye grafu. Si 20. Nyuroni zote hizo zimetoka kwa mama mmoja, zimetenganishwa na mkono mmoja siku moja, na kosa likiingia huziingia zote. Kwa hiyo upandaji mara tatu ni n (idadi ya sampuli huru) ya 3, hata kama umepiga picha za nyuroni 60. Anayeandika 60 hupata p ndogo ya kufurahisha, kana kwamba matokeo hayawezi kuwa bahati tu, na mtahini makini ataianzia hapo tasnifu yake. Chukua wastani wa kila upandaji, au tumia modeli ya takwimu inayojua nyuroni ipi ilitoka upandaji upi. Ukipanda kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, mchoro mmoja ni wiki tisa, ikiwa hakuna kilichokufa.

Navyo hufa, mara nyingi kabla seli yenyewe haijapandwa. Vioo vya kupandia hupakwa poli-D-lisini, gundi ya kushikiza seli, usiku kucha, kisha huoshwa kwa maji safi yaliyotakaswa, mara tatu, bila kuruka hata moja, kwa sababu inayobaki bila kushika kwenye kioo ni sumu kwa nyuroni. Ikipakwa haba nayo, seli hukusanyika vichuguu vichuguu, na aksoni, nyuzi zake ndefu za kupeleka ishara, hujifunga pamoja zikawa kamba nene kutoka kichuguu hadi kichuguu. Sahani ya namna hiyo haifai kupimwa sinapsi. Itupe.

Siku ya kupanda, hipokampasi za vijusi vya siku ya 18 ya mimba huwekwa kwenye papaini, kimeng'enya cha kulegeza tishu, nyuzi 37, dakika 15 hadi 20. Ukizidisha, seli hupasuka na DNA yake hutoka nje kama makamasi yanayonasa zilizo hai. Kisha vuta na kuachia kwa pipeti ya kioo iliyolainishwa mdomo kwa moto, mara 10 hadi 15, polepole, pasipo povu: kila kiputo kinachopasuka huchana seli. Hesabu kwa tripani bluu, rangi inayoingia seli zilizokufa tu. Kwa maoni yangu, zilizo hai zikiwa chini ya asilimia 80, afadhali kuacha kuliko kulea sahani hiyo wiki tatu.

Katika malezi, badilisha nusu ya chakula tu, maana kile cha zamani kina vitu ambavyo seli zenyewe zimevitoa na bado zinavihitaji. Vishimo vya pembeni mwa sahani hukauka upesi na chumvi yake huzidi ukali. Usiweke kundi la ulinganisho lote pembeni na lililozimwa jeni lote katikati, utakuja kupima ukame ukidhani unapima jeni.

Kuzima jeni kwa shRNA (kipande cha RNA kinachoizuia jeni kutengeneza protini yake) ndani ya lentivirusi, virusi vya kuibeba hadi ndani ya seli, nako kuna subira yake. Virusi huzuia protini mpya tu. Iliyokwisha kutengenezwa hubaki mpaka ioze yenyewe, na zile za sinapsi huchukua siku kadhaa. Ndiyo maana hizi ziliwekewa virusi siku ya 7. Vishimo vingine vina shRNA isiyolenga chochote, na vingine vimerudishiwa jeni ile ile katika umbo ambalo shRNA haiitambui. Hivi vya mwisho watu huviacha kwa haraka, nami naviona ndivyo vyenye thamani kuliko vyote: kasoro isipotoweka jeni inaporudi, huenda shRNA ilikuwa inazima kitu kingine.

Siku ya 21 ni Jumatatu ijayo. Paraformaldehaidi ya asilimia 4, ya kugandisha seli zilivyo, dakika 15. Kingamwili, za kunata kwenye protini inayopimwa, usiku kucha kwenye nyuzi 4. Nguvu ya leza itapangwa kwa kishimo kinachong'aa kuliko vyote, pasiwe na pikseli iliyofika kikomo cha mwanga, kisha haitaguswa tena hadi kioo cha mwisho. Majina ya mafaili yatabadilishwa na mtu mwingine kabla ya kuhesabu, na orodha ya majina halisi itakaa kwake, ili anayehesabu asijue ipi ni ipi.