Njia Yetu ni Mita 2 na Sentimita 60

Wiki iliyopita, baada ya sala ya alasiri, shangazi yangu alikuwa ameketi barazani kwetu Malindi, Mji Mkongwe wa Unguja, akisuka ukili, na ule aliokwisha kuusuka alikuwa ameuviringisha na kuuweka chini karibu na miguu yake, kama nilivyomzoea tangu utoto wangu. Gari kubwa jeupe likaingia njiani polepole, na dereva wake, kijana mwenye adabu, akatoa salamu dirishani. Shangazi aliwahi kupandisha miguu barazani na kuvuta pindo la buibui, lakini ukili hakuuwahi, na tairi la nyuma likaupanda. Kijana alishuka kuomba radhi. “Haidhuru mwanangu, hukukusudia,” shangazi akamjibu, na ni kweli hakukusudia, kwa sababu hapakuwa na pahala pengine pa kulipitisha tairi lile.

Siku ya pili niliazima futikamba kwa fundi seremala wa mtaani nikapima njia yetu. Kutoka ukingo wa baraza moja hadi ukingo wa baraza ya pili ni mita 2 na sentimita 60. Marehemu babu alikuwa na Morris Minor, gari lenye upana wa sentimita 155 hivi, na lilipopita hapa lilibakisha zaidi ya mita nzima, nafasi ya kumtosha mtu mwenye kikapu cha sokoni kujibanza ukutani bila ya khofu. Toyota RAV4 ya kwanza, iliyotoka mwaka 1994, ilikuwa na upana wa sentimita 169.5, ile iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa 2018 ina sentimita 185.5, na vioo vya pembeni vikikunjuliwa hupindukia mita 2. Jina ni lile lile na matumizi ni yale yale, lakini gari moja limeongezeka sentimita 16 katika robo karne, ilhali nafasi linayobakisha kwenye njia yetu, pamoja na vioo vyake na ukijumlisha pande zote mbili, haifiki sentimita 60. Na njia haiwezi kupanuliwa: nyumba hizi za mawe na chokaa zimesimama hapa kabla ya gari la kwanza kufika Unguja, na Mji Mkongwe mzima umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000.

Sisemi kwamba kila kilo iliyoongezeka ni ya fahari. Mini ya mwaka 1959 ilikuwa na uzito wa takribani kilo 600, na ya siku hizi inafika mara mbili ya huo, lakini ndani ya uzito huo yamo mabomba ya chuma milangoni, mifuko ya hewa na bodi iliyoundwa ijikunje mbele ili abiria asalimike. Nani atataka kuvirejesha nyuma vitu hivyo? Magari ya umeme nayo yanabeba betri za mamia ya kilo. Wapo pia wanaosema kwamba barabara za shamba zina mashimo, kwa hivyo gari la juu ni lazima. Hoja hiyo naikubali nusu tu, kwani gari kuinuka kutoka chini ni jambo moja, na kupanuka ni jambo jingine kabisa.

Linalonitia khofu zaidi ni boneti. Mjukuu wa shangazi ana miaka minne, na aliposimama mbele ya gari moja la jirani lililoegeshwa, utosi wake ulilingana na ukingo wa boneti, nami nilipokaa kwenye kiti cha dereva sikumuona kabisa. Watafiti wa usalama barabarani wa taasisi ya bima ya Marekani, IIHS, walieleza mwaka 2023 kwamba magari ambayo boneti zake zimepindukia sentimita 100 hivi kutoka chini yana uwezekano wa kumuua mtembea kwa miguu yanayemgonga unaozidi kwa asilimia 45 ule wa magari yenye boneti ya chini na ya mteremko. Sababu yake inaeleweka: boneti ya chini humpiga mtu mguuni, na ya juu humpiga kifuani au kichwani. Mtoto wetu hucheza njia hii hii.

Tena magari yetu mengi yanatoka Japani, nchi ambayo kwa miji yake yenye njia nyembamba imeweka daraja maalumu la magari madogo yasiyozidi urefu wa mita 3.4, upana wa mita 1.48 na injini ya cc 660, na wenye kuyanunua wakapunguziwa kodi. Vigari vya Suzuki Carry vinavyotuletea mboga na maji ni vya ukoo huo, na sijaona hata kimoja kikimlazimisha mtu kupandisha miguu. Ningependa sana na sisi tuutazame upana wa gari pale linaposajiliwa, hasa la mtu anayeishi ndani ya Mji Mkongwe.

Juzi jirani anayekusudia kuagiza gari alikuja kuniomba ile futikamba kabla sijairejesha. Tulipima pamoja njia yote mpaka kwenye kona ya msikitini, mahali palipobana kuliko pote, kisha akaandika nyuma ya risiti: “Lisizidi 1.70.” Shangazi alikuwa barazani akitutazama, na ukili wake ameuweka mapajani.