Uzi wa mita 160 ndani ya chupa: nilivyofundisha kromosomu ya bakteria

Vijana ninaowafundisha tuisheni ya jioni hapa Majengo, wengi wao wanasomea kazi za maabara. Ukiwauliza kuhusu bakteria watakujibu: hana kiini, kwa hiyo DNA yake inaelea ovyo tu. La kiini ni kweli. Hilo la ovyo ndilo lililokuwa likinikera.

Tarakimu walishazikariri: E. coli, bakteria wa utumbo, ana DNA yenye jozi za besi (vidato vya ngazi yake) milioni 4.6 hivi, urefu wa milimita 1.6, ndani ya seli ya mikromita 2. Hazikuwaambia kitu. Nikaenda Biashara Street kununua uzi.

Nilikuza kila kitu mara 100,000. Seli ikawa sentimita 20, yaani chupa ya maji ya nusu lita. DNA ina unene wa nanomita 2, ikawa milimita 0.2, uzi mwembamba wa kushonea. Urefu wake? Mita 160! Tuliupima kwa kuuzungusha kwenye viti viwili, kisha tukafunga ncha zake pamoja, kwa sababu kromosomu hii, yaani uzi huu wa DNA, ni duara, kama mwanasayansi John Cairns alivyoonyesha mwaka 1963.

Uzi wote uliingia chupani na nafasi ikabaki. "Mwalimu, kumbe haibanani?" akauliza mmoja. Haibanani. Nikampa kazi ya kuutoa wote bila kuukata, maana bakteria huunakili mzima kwa dakika 40 hivi, na wakati huohuo jeni zinasomwa. Alihangaika na mafundo mpaka adhana ya isha.

Sasa walitaka kujua bakteria anafanyaje. Wawili walishika kipande kingine, wakakisokota sana, kisha wakasogeleana: kikajikunja chenyewe, kikawa kifupi. DNA ya E. coli nayo hukaa imesokotwa hivyo, ila kinyume na msokoto wake wa asili, ndiyo maana ni rahisi kuifungua. Kazi ya kuisokota hivyo hufanywa na kimeng'enya jairesi, alichokitangaza mwanasayansi Martin Gellert na wenzake mwaka 1976: hukata nyuzi zote mbili za DNA, hupitisha kipande kingine katikati, kisha huunga. Siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria wanayoijua vizuri, hukikwamisha kikiwa kimeshakata na hakijaunga.

DNA hiyo pia hugawanyika katika vitanzi, nasi vya kwetu tulivishika kwa vibanio vya nguo. Ukikata kitanzi kimoja, hicho tu ndicho kinachofunguka. Vingine hubaki na msokoto wao. Kibanio ni kigumu mno, nakiri, kwani protini kama HU na Fis hushika, huipinda DNA na kuachia, lakini kwa jioni moja kilitosha.

Kundi linalofuata nitalinunulia nyuzi za rangi mbili. Bakteria wa kipindupindu ana kromosomu mbili, kwa kipimo changu mita 100 na mita 36 hivi. Ile ndogo husubiri kubwa inakiliwe hadi sehemu maalumu ndipo nayo ianze, zikamaliza karibu pamoja.